Mamlaka ya Kocha Mbele ya Mchezaji Mgumu

Ugomvi kati ya kocha na mchezaji mgumu huanza na jambo dogo. Mchezaji kachelewa mazoezini, kasusa kutoka uwanjani alipoitwa kubadilishwa, au kamjibu mwalimu mbele ya wenzake. Chini ya jambo hilo dogo kuna swali ambalo wanafalsafa na wanazuoni wa dini wamelishughulikia kwa karne nyingi: mtu hupata wapi haki ya kumwamuru mwenzake, na haki hiyo inaishia wapi pale anayeamriwa anapogoma? Katika klabu kubwa za Dar es Salaam swali hili hufunikwa na mkataba. Mchezaji analipwa mshahara, akikosea anakatwa faini, akizidisha anaitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Handeni na Korogwe, wilaya mbili jirani za Mkoa wa Tanga, sehemu kubwa ya michezo huchezwa bila mkataba wowote, na swali linabaki wazi.

Kocha wa huko mara nyingi ni mwalimu wa shule anayeandaa timu ya UMITASHUMTA au UMISSETA, mashindano ya shule za msingi na za sekondari, baada ya vipindi, au mchezaji mstaafu anayefundisha timu ya mtaa Chanika, Mkata, Manundu au Mombo kwa nauli yake na filimbi aliyoinunua mwenyewe. Wachezaji wake ni wanafunzi, madereva wa bodaboda, vibarua wa mashamba ya mkonge, vijana wanaozunguka na mitumba minadani. Hakuna anayewalipa. Mchezaji akiudhika leo, kesho anavaa jezi ya mtaa wa pili, na mashindano ya ndondo yenye zawadi ya mbuzi yanampokea bila kumuuliza katoka wapi. Kocha anayedhani cheo peke yake kinatosha hugundua mapema kwamba hana cha kumzuilia mtu.

Kabla ya kuuliza mchezaji mgumu afanyweje, sharti ijulikane ni nani, kwa maana wanaoitwa wasumbufu hawafanani. Yupo anayevunja taratibu kwa sababu amekwisha kujua kwamba bila yeye timu haifungi. Huyu ndiye watu humfikiria kwanza, lakini si wengi kama inavyodhaniwa. Yupo mwenye mzigo ambao kocha hauoni. Kijana anayeendesha pikipiki ya mtu hupeleka hesabu kila jioni. Mazoezi yakianza saa kumi, saa hiyo hiyo ndiyo abiria wanatoka sokoni na wanafunzi wanarudi nyumbani, na kila dakika anayokimbia uwanjani inapunguza hesabu ya tajiri wake. Anafika saa kumi na moja kasoro robo, kofia ya pikipiki bado iko mkononi, viatu vya mpira hana, akiulizwa anajibu kwa mkato. Kocha anaona kiburi. Ukweli ni kwamba kijana huyo amekwisha kulipia mazoezi ya siku hiyo kabla hajagusa mpira, na hakuna aliyempa hata shukrani.

Yupo pia mchezaji mkubwa kwa umri kuliko kocha wake. Mwalimu kijana aliyepangiwa shule ya Kabuku mwaka jana anakabidhiwa timu ya kata yenye beki mwenye watoto watatu, na kila jioni analazimika kumwamkia shikamoo kabla ya kumwambia akimbie mizunguko mitano. Heshima ya umri na mamlaka ya kazi zinagongana mdomoni mwa mtu mmoja. Beki huyo anapokaidi, mara nyingi hakaidi mafunzo. Anakaidi namna anavyosemeshwa, na kocha mwenye busara humwita pembeni akamwomba kwa jina la ukaka mambo ambayo angewaamuru wengine.

Aina ya mwisho ndiyo inayostahili kutangulizwa katika kila uchunguzi: mchezaji anayekataa jambo baya. Msichana wa netiboli aliyekuwa akihudhuria vizuri anaacha ghafla kuitikia wito wa kambi, hataki kubaki nyuma baada ya mazoezi, anamjibu mwalimu kwa ukali usio wake. Upesi anaitwa mtukutu. Huenda anajilinda. Mtu mzima mwenye filimbi, ufunguo wa chumba cha vifaa na orodha ya majina ya watakaokwenda mkoani ana nguvu kubwa mno juu ya mtoto wa miaka kumi na mitano, na nguvu hiyo ikigeuzwa kuwa tamaa, ukaidi wa mtoto ni haki yake. Aulizwe kwa upole na mwalimu wa kike au mlezi anayeaminiwa, kamwe asiulizwe na yule anayelalamikiwa. Shule isiyo na utaratibu huo haijawa na haki ya kumwita mchezaji yeyote msumbufu.

Watu wa bonde la Mto Pangani na milima inayolizunguka wamelifikiria swali la mamlaka tangu kabla mpira haujafika kwao. Wasambaa walikuwa na ufalme wenye makao Vugha, uliopata nguvu kubwa chini ya Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862. Mwanahistoria Steven Feierman, katika vitabu vyake viwili juu yao vya mwaka 1974 na 1990, ameonyesha kwamba fikra zao za utawala zilizunguka mambo mawili: kuiponya nchi na kuiharibu. Mfalme asiyepingwa aliaminiwa kuleta mvua, kwa sababu watu wote wakiwa wake hana sababu ya kuwadhuru. Wakubwa wawili wakishindana, nguvu kwa nguvu, uwezo wao unageuka kuwa madhara, mvua inazuiwa na njaa inaingia. Baada ya Kimweri kufariki, mwanawe Semboja, aliyetawala Mazinde katika Wilaya ya Korogwe ya leo, alijipatia bunduki kwa biashara ya misafara, akampinga mrithi Shekulwavu mpaka Vugha ikaangushwa. Walioumia zaidi ni watu wa kawaida, waliotekwa katika vita hivyo na kuuzwa utumwani.

Kocha mwenye haraka anaweza kuichukua hekima hiyo nusu, akasema: kumbe timu inataka mkubwa mmoja asiyepingwa. Nusu ya pili ni nzito zaidi. Mtawala wa Wasambaa alipimwa kwa mvua, yaani kwa hali ya watu waliomzunguka. Nguvu yake haikuwa na thamani yoyote kama mashamba yalikauka. Kwa kipimo hicho, ugomvi wa kocha na nyota wake hautazamwi kwa kuuliza nani kashinda. Unatazamwa kwa wale wengine waliobaki uwanjani. Kocha anapomwacha mfungaji wake bora nje ili tu amwonyeshe nani ni mkubwa, na mfungaji naye akawavuta marafiki zake watatu wasije mazoezini, hiyo ndiyo nguvu kwa nguvu. Timu inakwenda kwenye mechi ya kata ikiwa na watu pungufu, na kijana wa miaka kumi na sita aliyejituma tangu mwanzo wa msimu anafungwa mabao matano kwa kosa lisilo lake.

Wazigua wa Handeni walipita njia nyingine. Hawakuwa na mfalme mmoja wa nchi nzima. James Giblin, aliyeichunguza historia ya eneo hilo kati ya 1840 na 1940, anaeleza wakubwa ambao ukubwa wao ulisimama juu ya uwezo wa kuwalinda na kuwalisha watu wakati wa ukame, na ukame huko si jambo la nadra. Mtu alijiweka chini ya mkubwa mwenye akiba na ulinzi, naye mkubwa alikuwa na deni kwa mtu huyo. Akishindwa kulilipa, watu hawakuwa na sababu ya kuendelea kuwa wake. Utii ulikuwa na malipo yake, na malipo hayo yalidaiwa kila njaa ilipoingia.

Kocha wa timu ya mtaa anafanana zaidi na mkubwa huyo wa Kizigua kuliko na mfalme wa Vugha. Akiba yake ni ujuzi, muda na uadilifu. Akienda kuzungumza na mwenye pikipiki ili hesabu ya siku mbili za mazoezi ipunguzwe, ametoa kitu. Akifika hospitalini Magunga kumjulia hali mchezaji aliyevunjika mguu, akafika tena wiki ya pili wakati wengine wamekwisha kumsahau, ametoa kitu. Kocha wa namna hiyo anaweza kumkemea mtu kwa ukali na mtu huyo akarudi kesho. Asiyetoa chochote, hata akisema kwa upole, maneno yake hayana pa kushika. Wengi hulaumu vijana wa siku hizi kwa kukosa adabu, na lawama hiyo haifiki mbali: kijana anayejitolea jioni yake yote bila ujira ana adabu tayari, na anastahili kuongozwa na mtu aliyejitolea vivyo hivyo.

Dini mbili kubwa za eneo hili, Uislamu na Ukristo, zina simulizi zinazoligusa jambo hili kwa karibu kuliko vitabu vingi vya mafunzo ya ukocha. Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, Mtume Muhammad aliwaweka wapiga mishale wapatao hamsini juu ya kilima na kuwaamuru wasiondoke kwa hali yoyote. Walipoona adui anakimbia na ngawira iko chini, wengi wao walishuka. Khalid bin Walid, ambaye wakati huo alikuwa upande wa pili, akazunguka na wapanda farasi wake, na ushindi ukageuka msiba. Waislamu wapatao sabini waliuawa, akiwemo Hamza, ami yake Mtume. Ni vigumu kufikiria utovu wa nidhamu uliogharimu zaidi. Hata hivyo aya ya 159 ya sura ya Al Imran, iliyoteremka baada ya siku hiyo, inamweleza Mtume kwamba upole wake kwao ni rehema ya Mungu, kwamba angekuwa mkali na mwenye moyo mgumu wangetawanyika na kumwacha, na inamwamuru awasamehe, awaombee msamaha, kisha ashauriane nao.

Amri hiyo ya mwisho ndiyo ngumu. Kabla ya Uhud Mtume alikuwa ameshauriana na watu wake. Yeye aliona wabaki Madina, wengi wao wakataka kutoka, akawafuata. Shauri lile liliishia kwenye hasara, na bado akaamrishwa aendelee kushauriana na watu wale wale. Kocha aliyewahi kumsikiliza nahodha wake juu ya namna ya kupanga safu ya ulinzi, akafungwa, huapa kwamba hatamsikiliza mchezaji tena. Aya hiyo inaukataa uamuzi huo. Kushauriana ni sehemu ya kuongoza watu wenye akili, na hasara moja haiondoi wajibu huo. Ikumbukwe pia kwamba baada ya shauri huja kuazimia: aya inaendelea kumtaka kiongozi, akishaamua, amtegemee Mungu. Mjadala una mwisho wake, na wakati wa mechi mwisho huo umekwisha kupita.

Upole wa Uhud haufuti adhabu. Mwaka wa 9 Hijria, katika safari ya Tabuk, watu watatu waaminifu walibaki nyuma bila udhuru, mmoja wao Ka'b bin Malik. Wengine waliobaki walikuja na visingizio vikapokelewa. Ka'b alisema kweli kwamba hakuwa na sababu. Waislamu wakaamrishwa wasizungumze na hao watatu, na hali hiyo ilidumu siku hamsini. Katikati ya siku hizo mfalme wa Ghassan alimpelekea Ka'b barua ya kumkaribisha kwake, akijua amesuswa na watu wake. Ka'b aliitupa barua hiyo motoni. Siku ya hamsini toba yao ilitangazwa kupokelewa, na watu waliowasusa wakawakimbilia kuwapongeza.

Simulizi hiyo ina mengi ya kumfaa kocha aliyemsimamisha mchezaji wake. Adhabu ilikuwa kali na ya wazi, lakini ilikuwa na mwisho, na siku ya kurudi hapakuwa na mtu aliyewakumbusha makosa. Msema kweli ndiye aliyeadhibiwa, wenye visingizio wakaachiwa Mungu wao, na hilo lilimheshimu zaidi yeye. Barua ya Ghassan nayo haikosekani katika soka la wilaya: mchezaji akisimamishwa Jumatatu, Jumanne timu pinzani imekwisha kumpigia simu. Atakayeitupa barua hiyo motoni ni yule tu anayejua kwamba mlango wa nyumbani haujafungwa kwa misumari. Kocha anayemsimamisha mtu bila kumwambia ni kwa mechi ngapi, au anayemrudisha huku akimsimanga kila jioni, amemwandikia barua hiyo yeye mwenyewe.

Injili ya Mathayo, sura ya 18, inaweka utaratibu unaofanana na busara ya wazee wa Uswahilini. Aliyekosewa aende kwanza kwa mkosaji wakiwa wawili tu. Asiposikia, achukue mmoja au wawili wa kushuhudia. Asiposikia tena ndipo jambo lifikishwe kwa kusanyiko. Makocha wengi huugeuza mpangilio huu. Huanza na kusanyiko, mchezaji akasemwa katikati ya duara huku watoto wa mtaa wakisikiliza nyuma ya goli, na faragha hutafutwa baadaye, baada ya moyo kuvunjika. Kijana aliyeaibishwa mbele ya watu hutetea uso wake kwanza, na kosa lenyewe halipati nafasi ya kufikiriwa.

Katika Matendo ya Mitume kuna ugomvi wa makocha wawili, ikiwa inafaa kusema hivyo. Yohana Marko aliwaacha Paulo na Barnaba njiani huko Pamfilia akarudi Yerusalemu. Safari iliyofuata ilipopangwa, Barnaba alitaka wamchukue tena, Paulo akakataa kabisa kumchukua mtu aliyewaacha kazini. Walishindana kwa ukali hata wakaachana, Barnaba akaondoka na Marko kwenda Kipro. Biblia haisemi nani kati yao alikuwa na haki. Lakini katika waraka wa pili kwa Timotheo, ulioandikwa kwa jina la Paulo akiwa kifungoni, Marko anaagizwa aletwe kwa kuwa anafaa kwa kazi. Paulo alikuwa sahihi kwamba kazi inahitaji watu wasiokimbia. Barnaba aliona kwamba aliyekimbia mara moja anaweza kuwa mtu mwingine. Kama Barnaba asingekuwepo, huenda Paulo asingekuwa na Marko wa kumwita. Timu yenye kocha mkali inahitaji msaidizi wa namna ya Barnaba, na kocha mkuu anayemzima msaidizi huyo anajinyima mwenyewe.

Linabaki suala la kipaji. Je, aliye bora kuliko wenzake anastahili uvumilivu zaidi? Watu wa kijiweni husema ndiyo bila aibu, na makocha wengi husema hapana mdomoni lakini vikosi vyao husema ndiyo. Taifa Stars, timu ya taifa ya soka, imewahi kulikabili swali hili hadharani. Mwishoni mwa Agosti 2018, kocha Emmanuel Amunike, Mnijeria aliyekuwa Mwanasoka Bora wa Afrika mwaka 1994, aliwaondoa wachezaji kadhaa, wengi wao wa Simba, kwa kutoripoti kambini kwa wakati. Nchi ilikuwa inakwenda Kampala kucheza na Uganda, na waliotemwa walikuwa nguzo. Kelele zilikuwa nyingi. Mechi ya tarehe 8 Septemba iliisha bila bao. Baadhi ya walioondolewa walirejeshwa baadaye, na tarehe 24 Machi 2019 Tanzania iliifunga Uganda mabao 3-0 Dar es Salaam, ikafuzu fainali za Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1980. Haiwezekani kudai kwamba adhabu ile ndiyo iliyofunga mabao. Linaloonekana ni kwamba sheria ilimgusa kila aliyechelewa, mkubwa na mdogo, na kwamba haikuwa kifungo cha maisha.

Ufaransa ya Kombe la Dunia la mwaka 2010 ilionyesha upande wa pili. Kocha Raymond Domenech alitofautiana na mshambuliaji Nicolas Anelka katika chumba cha kubadilishia nguo, wakati wa mapumziko ya mechi na Mexico. Maneno ya chumbani yakachapishwa gazetini, Anelka akarudishwa nyumbani kutoka Afrika Kusini, na tarehe 20 Juni wachezaji wenzake wakagoma kufanya mazoezi mjini Knysna. Domenech mwenyewe ndiye aliyewasomea waandishi wa habari tamko la wachezaji waliomgomea. Ufaransa ikatolewa ikiwa ya mwisho katika kundi lake. Timu iliyokuwa imecheza fainali ya Kombe la Dunia miaka minne kabla haikuwa na nahodha, mzee wala msaidizi aliyeweza kusimama kati ya pande mbili.

Jibu la haki juu ya kipaji lina sehemu mbili zisizopaswa kuchanganywa. Kanuni ni moja kwa wote: saa ya mazoezi haina nyota. Lakini malezi hayawezi kuwa sawa kwa wote, kwa sababu mahitaji hayalingani. Kijana mwenye kipaji kikubwa anabeba matarajio ya mtaa mzima, anatukanwa zaidi akikosa, anapigiwa simu na watu wasiomtakia mema, na mara nyingi hajawahi kuambiwa hapana na mtu anayempenda. Kumpa muda zaidi wa mazungumzo si upendeleo. Kumwachia achelewe ni kumdharau, maana ni kumwambia kwamba miguu yake tu ndiyo inayohitajiwa. Immanuel Kant aliweka sharti kwamba mtu asitumiwe kama chombo tu cha kufikia malengo ya mwingine. Kocha anayemlea nyota kwa kumwachia kila kitu anamtumia kama chombo, hata kama nyota mwenyewe anafurahia.

Katika kazi ya kila siku, makocha wa Handeni na Korogwe wana chombo ambacho wenzao wa Ulaya hawana, nacho ni utani. Mashamba ya mkonge yalikusanya watu wa makabila mengi kutoka pande zote za nchi, na utani kati yao ulikuwa njia ya kuishi pamoja bila visu. Mtani husema ukweli mchungu mbele ya watu na hakuna wa kukasirika. Mchezaji Mnyamwezi anayejisikia akiambiwa na mtani wake Mzigua, meneja wa timu, kwamba leo mgosi kaja kutuonyesha nywele na siyo mpira, uwanja mzima unacheka, naye anacheka, na ujumbe umefika. Maneno hayo hayo yakitoka kwa kocha asiye mtani wake ni tusi. Kwa hiyo kocha anapaswa kujua ni nani kati ya watu wake anayeweza kusema jambo gani kwa nani. Utani una mpaka pia: haufai kwa aliyefiwa juzi kama anayetania si mtani wake wa msibani, na haumfai mtoto anayechekwa na wenzake kila siku.

Penye jambo zito zaidi huitwa wazee. Baba mdogo, imamu wa msikiti, katekista, mwenyekiti wa kitongoji au mchezaji wa zamani aliyewahi kuvaa jezi ya Coastal Union, kila mmoja wao anaweza kuzungumza na kijana akiwa hana maslahi katika kikosi cha Jumamosi. Makocha wengine huona kumwita mtu wa nje ni kushindwa. Mtazamo huo unatokana na kudhani kwamba mamlaka hupungua yakigawanywa.

Fimbo haina nafasi hapa. Kanuni za elimu za Tanzania zimeweka viboko chini ya mkuu wa shule au aliyemwidhinisha, na visizidi vinne, kwa hiyo mwalimu wa michezo anayekata kijiti cha mwarobaini pembeni ya uwanja na kumchapa aliyepoteza mpira hana sheria nyuma yake. Hana falsafa pia. Kipigo kinamfundisha mchezaji kuogopa kosa, na mchezaji anayeogopa kosa hapigi pasi ya mbele. Kumkimbiza mtu mizunguko ishirini juani kwa hasira ni kipigo kwa jina lingine. Aristotle alisema mwenye tabia njema hukasirika kwa jambo linalostahili, kwa mtu anayestahili, kwa kiasi na kwa wakati wake. Alimhesabu asiyekasirika kabisa kuwa na upungufu pia, na kocha anayenyamazia kila kitu ili apendwe anaonekana hapo. Hasira ya kocha inaweza kuwa ya haki kabisa dakika ya tisini na ikawa imekosa wakati wake. Ikisubiri hadi kesho yake saa nne asubuhi, mtu akiwa amelala na kula, hukumu yake huwa nyingine.

Kocha naye hukosea: humtoa mtu kwa chuki, humlaumu beki kwa bao la kipa, hutoa siri ya mchezaji kijiweni. Kuomba radhi kwa mchezaji hakujawahi kumshusha kocha aliyefanya hivyo kwa moyo safi mbele ya wale wale aliowakosea. Kiapo cha mwanachama wa TANU kilihesabu cheo kuwa dhamana, na aliyepewa dhamana hutoa hesabu. Wachezaji wanaomwona kocha akitoa hesabu yake hujifunza kutoa ya kwao. Hili ndilo jambo linalokosekana zaidi katika viwanja vya wilaya, kuliko mipira na jezi.

Mwisho kabisa yapo matengano. Kuna mchezaji na kocha wasioweza kufanya kazi pamoja hata baada ya faragha, wazee na adhabu. Marcio Maximo, Mbrazili aliyeinoa Taifa Stars kati ya 2006 na 2010, alimwacha nje kwa muda mrefu kipa Juma Kaseja, na mjadala huo uligawa nchi. Timu ilifuzu fainali za kwanza za CHAN (mashindano ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za ndani) za mwaka 2009 chini ya Maximo. Kaseja aliendelea kudaka katika klabu, akarudi timu ya taifa chini ya makocha wengine, na mwaka 2019, akiwa amekwisha kuitwa mkongwe, alikuwa golini Tanzania ilipoitoa Kenya kwa penalti Nairobi, na kisha Burundi kwa penalti Dar es Salaam. Kocha ana haki ya kusema huyu sitafanya naye kazi. Haki hiyo inaishia kwenye kikosi chake. Kumnyima mchezaji barua ya kumwachia ili asicheze popote, kumharibia jina kwa makocha wa Tanga na Muheza, au kuficha leseni yake kabatini hadi dirisha la usajili lifungwe ni dhuluma, na viongozi wa vyama vya soka vya wilaya wanaopokea malalamiko ya namna hiyo wanapaswa kuyaamua kabla msimu haujaanza.